Solveig Ajifunza Kuokoa

Solveig alikuwa na miaka kumi na sita, na akiwa majini hashikiki. Katika kambi ya vijana kando ya ziwa, kule Minnesota, kila kiangazi alishinda mashindano ya kuogelea. Mwaka huu alikuja kutafuta cheti cha uokoaji.

Kijijini kwao, ufuo ulikuwa umefungwa miaka miwili kwa kukosa mwokoaji. Mdogo wake Anders na wenzake waliishia kulitazama ziwa kwa macho tu. Halmashauri ilisema, cheti kikipatikana, ufuo utafunguliwa.

"Hicho cheti kihesabuni kuwa changu," Solveig alijigamba kwa wenzake kambini asubuhi, chapati ya maji mdomoni.

Ukafika mtihani. Mwalimu wao, Bi Marlys, alijifanya anazama karibu na gati. Solveig akajitupa majini chubwi, mikono mitupu. Bi Marlys akamng'ang'ania shingo, akamkandamiza chini. Solveig alikunywa maji mpaka akakoma.

"Haya, tumekufa wawili," Bi Marlys alisema walipotoka.

"Lakini mwalimu, nilikufikia upesi!"

"Ulinifikia upesi, nikakuzamisha upesi. Mtu anayezama hushika chochote, mwanangu. Akiwa karibu, lala kifudifudi gatini, umnyooshee upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua. Akiwa mbali, mrushie boya lenye kamba. Kuingia majini ni mwisho kabisa, tena na boya lako, liwe kati yako na yeye."

Mchana, kama ilivyo desturi ya kambi, aliyeshindwa alipanda juu ya benchi akaimba. Solveig aliimba, masikio yamemwiva kwa aibu.

"Bingwa kanywa ziwa lote, tutaogelea wapi sisi?" wenzake walimtania.

Alicheka nao, lakini moyoni aliumia. Alibakiwa na nafasi moja tu, Ijumaa. Siku tatu alishinda gatini akifanya mazoezi ya upondo, kamba na boya.

Ijumaa Bi Marlys akapiga kelele tena, hatua chache tu kutoka gatini. Miguu ilimwasha Solveig kwa hamu ya kuruka. Akajizuia.

"Mtu anazama! Iteni msaada!" aliwaambia wenzake. Akalala kifudifudi, akanyoosha upondo. "Shika hapa, mwalimu. Usiuachie."

Akamvuta taratibu mpaka gatini.

"Ndiyo hivyo tu?" mmoja aliuliza. "Hata nywele hazijalowa."

"Ndiyo hivyo tu," Bi Marlys alijibu, akikamua nguo zake. "Na wote tu wazima. Mengine yote ulishafaulu, Solveig. Cheti ni chako."

Solveig alimkumbatia, na hapo ndipo alipolowa.

Mwezi wa Julai ufuo wa kijijini ukafunguliwa, Solveig akiwa mwokoaji. Jioni ya siku ya kwanza, mama yake alimuuliza wakila, "Vipi kazi? Hakuna aliyezama?"

"Kuna mmoja alikuwa anaelekea huko. Nilimvuta kwa upondo."

"Mtoto wa nani?"

Solveig alimtazama Anders. Anders akainamia sahani yake.

"Wako, mama," alisema Anders. "Naomba viazi."

Mama hakutoa viazi. Aliinuka, akawakumbatia wote wawili kwa muda mrefu, na chakula kikapoa.