Gari la Zahanati Lilipogoma

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Robi alifagia uwanja, akawafungulia ndama, kisha akavuka barabara kumpelekea baba yake uji wa moto zahanati. Walikaa kata ya Morotonga, nje kidogo ya mji wa Mugumu. Baba yake, Nikodemo, alikuwa dereva wa gari la zahanati, na Robi aliona fahari kubwa kwa jambo hilo, kwa sababu gari lenyewe halikuwa la kawaida. Lilikwenda kwa umeme. Halikunguruma wala halikutoa moshi, na ng'ombe barabarani hawakulisikia likija mpaka Nikodemo apige honi.

Gari hilo lilifanya kazi ya huduma ya mkoba. Nesi Laurensia, aliyehamishiwa hapo kutoka Kagera, alipakia makasha ya baridi yenye chanjo, akapelekwa vijiji vya mbali ambako akina mama walimngoja na watoto wao. Kila jioni mlinzi, Mzee Amos, alichomeka waya wa chaja, akalifunika gari kwa turubai zito lisiingie vumbi.

Jumapili moja Nikodemo alikwenda kwenye kikao cha ukoo. Ufunguo wa gari aliuacha nyumbani, umening'inia kwenye msumari. Mchana rafiki yake Robi, Gati, alikuja kumtembelea. Waliongea habari za shule, wakaongea habari za nyimbo, na mwisho Gati akasema kwamba redio ya gari la zahanati lazima ina sauti nzuri kuliko redio zote za pale mtaani. Robi alijua kabisa kwamba hakuruhusiwa kugusa ufunguo ule. Lakini Gati alikuwa anamtazama, naye alitaka aonekane mtoto wa dereva. Akautungua.

Zahanati ilikuwa imefungwa na Mzee Amos alikuwa bado hajafika. Wakaingia garini, Robi akazungusha ufunguo kidogo tu, redio ikawaka. Alijiambia kwamba hawakuwasha gari, hivyo hawakuharibu kitu. Walisikiliza muziki mchana kutwa. Gati akawasha taa ya ndani ili ajitazame vizuri kwenye kioo huku Robi akimsuka. Waliposikia watu wakirudi kutoka kikaoni waliruka nje, wakasukuma mlango, wakakimbia. Robi aliurudisha ufunguo msumarini kabla baba yake hajavua viatu.

Asubuhi yake, alipopeleka uji, baba yake alikuwa bado hajafika na Mzee Amos alikuwa bombani akinawa uso. Robi alipopita karibu na gari aliona mwanga hafifu chini ya turubai. Ile taa ya ndani ilikuwa imekesha ikiwaka. Alifunua turubai, akaizima haraka, akafunga mlango vizuri, akasimama pembeni kana kwamba amefika sasa hivi. Alidhani mambo yameishia hapo.

Nikodemo alipokuja na kuzungusha ufunguo, gari halikuitika. Hata taa za kwenye dashibodi hazikuwaka. Alijaribu tena na tena. Akatazama waya wa chaja, akaukuta umechomekwa mahali pake, lakini chaja nayo haikuonyesha dalili ya kufanya kazi. Nesi Laurensia alikuwa amesimama na makasha yake matatu, akitazama jua linavyopanda.

Nikodemo akamgeukia mlinzi. Alimwuliza kama kweli alichomeka waya jioni, au ameuchomeka asubuhi hii baada ya kushtuka usingizini.

"Niliuchomeka jana, Nikodemo," Mzee Amos alijibu. "Jua lilikuwa bado halijazama."

"Basi mbona gari limekufa mikononi mwako?"

Mzee Amos alikwenda kuutazama tena ule waya. Robi alikuwa pale pale, ameshika chupa ya uji. Alisalimia "Shikamoo" kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri, akaweka chupa chini, akaenda shule.

Siku hiyo nesi alipanda pikipiki na kasha moja tu, kwa kuwa mengine hayakubebeka. Chanjo zilimwishia kabla ya nusu ya akina mama kufikiwa. Robi alipotoka shule alikutana na mama mmoja mgongoni ana mtoto, miguu imejaa vumbi hadi magotini, akirudi kwao. Mama yule alimwuliza kwa upole kama anajua lini gari la chanjo litapona. Robi alitikisa kichwa, akatazama chini mpaka mama akapita.

Jioni ilikuja habari mbaya zaidi. Mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuwa amemwambia Mzee Amos apumzike nyumbani mpaka fundi aseme gari lina nini. Robi alimwona akiondoka na sweta lake begani na tochi yake mkononi. Alipofika karibu na uwanja wao alisimama, akamwambia Robi asome kwa bidii, asije akafanya kazi ya kulinda mali za watu. Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Robi aliingia ndani, na ugali ulipotengwa alikwenda kulala.

Kesho yake alimweleza Gati shuleni kwamba anataka kusema ukweli. Gati alimshika mkono akamsihi anyamaze. Alisema kwamba fundi atalitengeneza gari, mzee atarudi kazini, na hakuna atakayejua. Robi alitamani sana iwe hivyo.

Mchana huo fundi alifika kutoka mjini. Alikuwa dada kijana aitwaye Jesca, aliyesomea magari ya umeme. Robi alirudi kutoka shule akamkuta amefungua boneti, nesi na Nikodemo wamesimama kando yake, na akina mama waliokuja kliniki wakitazama kwa mbali. Jesca aliwaeleza kwamba gari lile lina betri mbili. Iko kubwa, iliyo chini ya sakafu, ndiyo inayosukuma magurudumu. Na iko ndogo, kama ya gari lolote, inayoamsha dashibodi, taa na mitambo yote. Ndogo ikifa, kubwa haiwezi kuamshwa hata kama imejaa, na hata chaja haianzi kazi.

Aligusisha nyaya za mita kwenye betri ndogo. Ilitakiwa izidi volti kumi na mbili. Haikufika hata tisa.

"Hapa ndipo penye tatizo," alisema. "Lakini betri haifi bila sababu. Kuna kitu kiliachwa kikiwaka gari likiwa limezimwa?"

Nikodemo alisema hapana. Taa zote alizikuta zimezimwa, na Jumapili gari halikutoka. Jesca akafikiri kidogo. Akasema kwamba kama ni hivyo, basi huenda kimeharibika kile kifaa kinachoipa betri ndogo umeme kutoka kwenye betri kubwa. Kazi hiyo haifanyiki Mugumu. Gari lingepakiwa kwenye lori hadi Mwanza, na kurudi kwake kungechukua wiki nyingi. Nesi Laurensia aliketi kwenye benchi, akajishika kichwa.

Jesca alipotoa simu ili aite lori, Robi alisikia sauti ikisema, "Kuna kitu kiliwaka." Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Wote wakageuka. Robi alitamani ardhi impokee. Alisema akitazama vidole vya miguu yake: ufunguo, redio, mchana kutwa, taa iliyokesha. Gati hakumtaja. Alipofika mahali pa kuzima taa asubuhi ili wasijue, alilia, akamalizia kwa kwikwi. Nikodemo alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi, naye akatazama chini. Robi hakuwahi kumwona baba yake akiona haya mbele za watu, na hilo lilimwumiza kuliko fimbo.

Jesca alisema ataijua kweli sasa hivi. Akatoa betri nyingine kwenye gari lake, akaunganisha nyaya zake nene na ile iliyokufa, akamwambia Nikodemo azungushe ufunguo. Dashibodi ikawaka. Betri kubwa ilikuwa imejaa karibu yote. Gari lilipoamka, Jesca akachomoa nyaya zake na kupima tena betri ndogo. Namba za mita zikaanza kupanda zenyewe, zikapita kumi na tatu. Kile kifaa kilikuwa kizima. Betri kubwa ilikuwa inailisha ndogo.

"Haliendi Mwanza," alisema. "Liacheni hivi hivi mpaka jioni, lijijaze. Kesho mtasafiri."

Akina mama wakapiga vigelegele. Nesi Laurensia alimwita Robi, akamketisha kando yake kwenye benchi.

"Mgonjwa akinificha alichokula, nitampa dawa isiyo yake," alimwambia. "Wewe ulikosa ulipochukua ufunguo. Lakini ulipozima ile taa ukanyamaza, ulitufanya sote tutibu ugonjwa ambao haupo. Na aliyemezeshwa dawa ni Mzee Amos."

Jioni hiyo Nikodemo na Robi walikwenda kwa Mzee Amos. Walimkuta akitengeneza ua wa zizi. Robi alipiga magoti, akasalimia, akaeleza yote tangu mwanzo.

"Nilimwambia mke wangu labda nimezeeka," mzee alisema. "Nilianza kuamini kwamba sikuuchomeka ule waya."

Nikodemo akasogea mbele. Alisema kwamba yeye naye amekuja kuomba msamaha, kwa kuwa alimhukumu mwenzake wa miaka mingi kabla hajapima kitu chochote. Mzee Amos aliwatazama, baba kisha mtoto. Akamwinua Robi, akasema kwamba amechelewa kusema, lakini hakusubiri kusemewa, na hiyo ndiyo sababu ya kumsamehe. Akaingia ndani kuchukua sweta na tochi ili arudi kazini.

Walipokuwa wakimngoja uwanjani, Robi alimwuliza baba yake, "Tata, hii aibu itaisha lini?"

"Itapungua," Nikodemo alisema. "Lakini usiifukuze yote. Mwenye kosa asipobeba aibu yake, mtu asiye na kosa huibeba badala yake. Wewe umekwenda ukamtua mzee mzigo ambao haukuwa wake. Kila ukikosea, fanya hivyo mapema, kabla mtu mwingine hajainama."

Mzee Amos akatoka, wakaanza safari ya kwenda zahanati wote watatu.