Namba Saba ya Printa

Hakuna kompyuta inayoweza kunishinda. Maneno hayo niliyasema mwenyewe asubuhi, mbele ya mama na bibi, chai ikiwa bado mdomoni.

"Kutandika kitanda kumekushinda," bibi akasema, "sembuse kompyuta?"

Mama ana duka la kuchapa karatasi. Lina kompyuta nne na printa moja kubwa. Zote zimeunganishwa kwa nyaya na swichi, kisanduku chenye matundu mengi kinachopitisha kazi kutoka mashine moja hadi nyingine. Siku hiyo mwalimu mkuu angekuja saa tano kuchukua mitihani ya shule nzima. Ilikuwa kazi kubwa ya kwanza ya mama. Kama mama angechelewa, mwalimu angehamia duka la ng'ambo ya barabara.

Saa tatu mama akaanza kuchapa. Zikatoka karatasi tatu, kisha printa ikatulia kama maji mtungini.

"Mtaalamu, njoo uiamshe," mama akaniita.

Nikaizima, nikaiwasha. Nikaipiga kofi. "Printa imezeeka," nikatangaza.

"Wazee ndio wa kusingiziwa," bibi akasema, huku akishona kifungo.

Mama akamwita jirani yetu wa ghorofani, fundi wa mtandao. Sisi humwita Dada Waya. Alizikagua mashine moja moja.

"Nani aliziwekea anwani hizi?"

"Mimi! Kwa mkono wangu," nikajibu.

"Haya. Anwani ya IP ni kama namba ya nyumba. Printa ni saba. Kompyuta ya pembeni nayo ni saba. Nyumba mbili, namba moja! Mleta mzigo atabisha hodi wapi?"

Kompyuta ya pembeni ni yangu.

"Nani kaipa saba?" mama akauliza.

"Labda imejipa yenyewe," nikasema.

Dada Waya akacheka. "Swichi hii inaweza kugawa anwani yenyewe. Mbona mnajichosha? Keti, mimi nasema, wewe unaandika."

Kwanza tukachagua anwani za kugawa, mia moja hadi mia moja hamsini. Saba tukaiacha nje ya hizo, ibaki ya printa peke yake. Tukaiambia swichi njia ya kwenda kwenye intaneti, na muda wa kila mashine kukaa na anwani yake: siku moja. Kisha kila kompyuta tukaiweka ipokee anwani kutoka kwa swichi.

Nikasimama kucheza.

"Keti! Umehifadhi?"

"Bado, dada."

"Umeme ukikatika, swichi itasahau yote. Hifadhi, ndipo ucheze."

Nikahifadhi. Kompyuta nne zikapata anwani nne, kila moja na yake. Mama akabonyeza. Printa ikanguruma, karatasi zikamiminika. Mama akapiga vigelegele, Dada Waya akaitikia. Ndipo nikacheza.

Saa tano mitihani ilikuwa imefungwa tayari. Mwalimu mkuu akaipekua, akatabasamu. "Mama, muhula ujao nakuja hapahapa."

Nikajisogeza mbele. "Mwalimu, kuna kompyuta ilijipa namba ya printa. Bahati nzuri niliikamata."

"Ilijipa?" Bibi akakata uzi kwa meno. "Mjukuu wangu, si jana tu uliniambia, 'Bibi, naipa kompyuta yangu saba, namba ya jezi yangu, iniletee bahati'?"

"Jezi gani, bibi?"

Mwalimu mkuu akanishika bega, akanigeuza polepole. Mgongoni kwangu, kubwa kama sinia, ilikuwapo saba.