Harufu Iliyotangulia Mlangoni

Jumapili ya Pentekoste, tukiwa tumepiga magoti juu ya majani ya mjozi yaliyotandazwa kanisani kama desturi yetu, harufu ya maua iliingia peke yake. Ilipita katikati yetu, ikasimama upande wa wanawake. Tukageuka kuona nani kaja, na mlangoni hapakuwa na mtu. Padri alishaanza sala nyingine ndipo Zdravka, mke wa Velko, akaingia na kupiga magoti palepale harufu ilipomshikia nafasi.

"Shoga, umejimwagia chupa nzima?" nilimnong'oneza.

"Matone mawili tu, Yordana. Shingoni na mikononi." Akacheka chini chini. "Nanukia vizuri, eti?"

Alinukia vizuri, sikatai. Mwanzo ilikuwa kali kama ganda la limau, kisha ikatulia, tamu ya kukufanya umeze mate. Lakini ukivuta sana, chini ya ule utamu kulikuwa na nywele zilizoungua. Nikasogea kidogo, nikijifanya goti linaniuma.

Nilijua alikoyatoa marashi yale, maana aliniambia mwenyewe tukiwa kwenye uzio wetu. Huku kwetu kuna ua linaitwa rosen, ni la samodiva, majini wa kike wa msituni, na halichumwi. Usiku wa kuamkia sikukuu ya Kupaa, mwanamke asiyezaa huenda kulala katikati ya maua hayo, amejifunika shuka jeupe. Asubuhi anatazama kilichoangukia shuka. Ua bichi, atapata mtoto. Jani kavu, arudi kwao akalie. Anachukua alichopewa, havunji hata shina moja.

Zdravka aliangukiwa na jani kavu.

Mnisikilize, yule mwanamke alikuwa amechoka. Mama mkwe wake, Gena, alikuwa akimwambia mbele za wageni, "Kuku wangu wote wanataga, ni wewe tu," na ilishasemwa wazi kwamba zabibu zikiisha kuvunwa Velko atamrudisha kwao. Basi alipoliona lile jani alipandwa na hasira, akayavunja maua kwa mikono miwili, akajaza aproni, akaenda kuyachemsha kwenye mtambo wa nyumbani wa kupikia rakia, pombe yetu kali ya matunda.

"Kama hawanipi mtoto," aliniambia, "basi angalau nitanukia!"

Velko alikuwa mmoja wa kalushari. Hao ni wanaume wanaocheza wiki ile baada ya Pentekoste, wiki ya Rusalia, kuwatoa majini kwa waliopagawa. Wiki nzima wanalala kwa kiongozi wao, Ugrin, na wanaapa kutowagusa wake zao. Jumatatu asubuhi Velko alipita nyumbani kuchukua kengele zake za miguuni. Akafika getini, akasimama, akavuta hewa.

"Nini hicho unachonukia?"

"Marashi. Nenda zako, umeapa."

"Nani ataona?" alisema Velko, na macho yake, Zdravka aliniambia baadaye, hayakuwa ya mtu anayecheza. Wakaingia ghalani kwenye nyasi.

Siku hiyohiyo, jua likiwa la utosi, Zdravka na Gena walikaa uani kula supu ya maharage. Zdravka alinyoosha mkono kuchukua mkate. Kidole chake cha shahada kikainuka, kikapinda kwenda nyuma, taratibu, kikavunjika. Mlio wake ulikuwa wa shina bichi.

"Mama," alinong'ona, "nani amenishika?"

Kisha akapiga yowe. Niliruka uzio, na nilichokikuta mpaka leo kinanitoa jasho: nywele zake zimenyooka juu kana kwamba kuna ngumi imezikamata, anaburutwa uani mikono ikipiga huku na huku, kichwa kinagonga ngazi ya jiwe, kinagonga tena, damu inaruka mpaka kwenye supu, nguruwe wanalia bandani, na kila palipopakwa marashi, shingoni na mikononi, ngozi inavimba malengelenge yenye umbo la vidole, vidole virefu, na ile harufu inazidi, tamu, tamu, mpaka Gena akatapika hapo alipokaa.

Tulimrukia sote wawili, Gena na mimi. Akamgeukia Gena, akamkaba koo kwa mkono ulewule uliovunjika kidole, na sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya chini, ya kubembeleza.

"Alituvunja moja moja. Na mimi namvunja moja moja. Vidole kwanza, shingo mwisho."

Nilimpiga Zdravka na kigoda ndipo akamwachia. Tukamfunga kitandani kwa kamba za punda. Tulimsugua kwa siki, kwa majivu, kwa rakia, na harufu ikakaa palepale. Kila siku jua likisimama utosini, vidole vingine viwili vilikwenda, kimoja baada ya kingine, naye akiwa na akili zake timamu, akivitazama.

"Yordana, kishike," alikuwa akinililia. "Kishike kisipinde, tafadhali."

Nilikishika. Kilinishinda nguvu.

Ijumaa, mkono wa kushoto ulipokwisha na wa kulia ukabaki dole gumba, Gena akavaa kitambaa chake cha kichwa akaenda kumpigia magoti Ugrin. Yule bibi aliyetaka mkwe arudishwe kwao! Lakini kumwona mtu akivunjwavunjwa mezani kwako kunakufundisha adabu.

Kalushari walikuja na filimbi, fimbo za ncha za chuma, na chungu kipya cha maji ya siki na vitunguu saumu. Walimlaza Zdravka chini uani, kamba zikiwa bado mwilini. Ugrin akainua mkono.

"Kabla hatujaanza. Yupo aliyemgusa mkewe wiki hii? Aseme, atoke, hakuna atakayemcheka. Tukicheza na kiapo kilichovunjika, jini hatoki. Anahama chumba tu."

Velko alitazama viatu vyake.

"Hayupo," akasema.

Filimbi ikalia. Wakazunguka, kengele zikigonga, fimbo zikichoma ardhi kandokando ya kichwa chake, kasi, kasi zaidi, na Zdravka akakata kamba, akamrusha kijana mmoja mpaka ukutani tukasikia mbavu zikilia, akamng'ata Ugrin mkononi na kutema nyama, na dole gumba lake likaanza kuinuka, na Gena amelala juu ya mkono ule kwa uzito wake wote akipiga kelele, "Mwache! Mwache mwanangu! Nivunje mimi!" mpaka Ugrin akakishusha chuma cha fimbo juu ya chungu, kikapasuka vipande, siki ikaturukia sote machoni.

Filimbi ikakatika. Zdravka akaruka akasimama wima, mzima, anashangaa. Na Velko akaanguka kama gogo.

Hilo halikutushtua. Chungu kikipasuka lazima mchezaji mmoja aanguke. Walimchezea, akafumbua macho, akaomba maji. Wanawake tukalia kwa furaha. Ugrin peke yake alikuwa akifunga mkono wake bila kucheka.

"Katoka kirahisi," aliniambia. "Sijapenda."

Harufu ilikwisha. Zdravka pua yake ilikufa siku ile, hakunusa tena kitu chochote, si mkate, si samadi, lakini nani angelalamikia hilo? Kabla hata zabibu hazijaiva akaanza kutapika asubuhi; zikavunwa, naye hakurudishwa kwao. Gena alichanganyikiwa kwa raha. Alimchemshia mayai, alimkata nyama kwa kuwa vile vidole vilipona vimepinda, na alimwita mwanangu mbele ya kijiji kizima.

Siku ya kuchinja nguruwe kabla ya Krismasi tulikuwa jikoni, Gena, Zdravka na mimi, tukikaanga mafuta na kusokota soseji. Tumbo la Zdravka lilikuwa limeshajaa, linamtangulia. Tukawa tunacheka. Ndipo, juu ya vitunguu saumu na damu na mafuta, nikaisikia. Ganda la limau. Halafu tamu.

Gena naye aliacha kusokota. Sote wawili tulitazama mlango, kwa sababu tulijua: harufu kwanza, mwenyewe baadaye. Mlango ukafunguka. Akaingia Velko, damu mpaka viwikoni, ananuka nguruwe na jasho. Hatua mbili tu, akavuta hewa, beseni likamtoka mikononi.

"Mama," alisema, akageuka mweupe. "Jumatatu ile. Ghalani."

Gena alipiga magoti mbele ya mkwewe polepole, akaiegemeza pua yake kwenye lile tumbo, akavuta pumzi.

"Mbona mmenyamaza?" Zdravka alituuliza, anatabasamu, hanusi kitu. "Jamani msinitazame hivyo, mimi mzima kabisa." Akainua mkono wake uliopinda, akajisugua chini ya sikio. "Ni shingo tu. Imenikaza tangu asubuhi."