Boma la Watu Mtoni

Kila asubuhi Roza alikamua ng'ombe. Kisha alishuka hadi Mto Ruaha na binti yake, Ngolo. Walisuuza vibuyu vya maziwa, halafu walichota maji ya kunywa. Mumewe, Shija, alisimama kando na mkuki. Familia hii ilikuwa imehamia Usangu kutoka Usukuma mwaka 1974, ikifuata malisho.

Siku moja mamba alimkamata ndama palepale walipochotea maji. Shija alirusha mkuki. Ukapiga maji tu.

"Mimi nahama," alisema Roza. "Leo ndama, kesho Ngolo."

"Malisho kama haya tutayapata wapi? Nitaongeza mkuki."

"Ongeza hata kumi. Utapiga maji mara kumi."

Ukweli ni kwamba Shija pia aliogopa, na usingizi ulikuwa umempotea.

Ng'ambo ya mto waliishi Wasangu wavuvi. Mama Kasian wa huko alikuwa akinunua maziwa kwa Roza. Aliposikia habari za ndama, alisema, "Jumapili njoni mshinde kwetu. Watoto wetu wanachota maji kila siku, na wote wapo."

Jumapili wakavuka kwa mtumbwi. Walikula wali na kambale, kisha Mama Kasian akawapeleka mtoni. Roza aliona miti minene imechimbiwa ndani ya maji, imesongamana, imezunguka mahali pa kuchotea. Wanawake walichota humo huku wakipiga soga. Samaki walipasuliwa mbali na hapo, na matumbo yao yalifukiwa shimoni.

"Nyie vibuyu mnasuuza wapi?" aliuliza Mama Kasian.

"Palepale tunapochota," alijibu Roza.

"Basi mmemwandalia mamba chakula. Maziwa huita samaki, samaki humwita mamba. Tena mnakwenda kila siku saa ileile. Anawasubiri."

"Na mkuki wangu?" aliuliza Shija.

"Baba Ngolo, utamchoma vipi usiyemwona?"

Shija alicheka. Akaushika mti mmoja, akautikisa. Haukucheza.

"Kwetu ng'ombe tunawajengea boma la miiba," alisema. "Kumbe na watu hujengewa boma. Kazi hii naijua, mama."

Kesho yake alikata miti migumu. Wavuvi wakavuka kumsaidia kuichimbia pale Roza alipochotea maji, karibukaribu, mpaka ngumi isipite katikati. Ng'ombe walitafutiwa mahali pengine pa kunywea. Vibuyu vilisuuzwa nyumbani, na maji yake yakamwagiwa maboga. Mvua zilipoisha, Shija alikagua mti mmoja mmoja na kubadilisha iliyolegea.

Asubuhi moja mamba alikuja. Alisukuma miti kwa pua, akaifuata mpaka mwisho, asione mlango. Akazama, akaenda zake. Ndani ya boma, ndoo ya Ngolo ilijaa.

"Mama Ngolo," Shija aliita kutoka ukingoni, "tunahama lini?"

"Hama wewe," alisema Roza, akijitwika ndoo yake. "Sisi tunapeleka maji nyumbani."