Jina Lililotokea Kwenye Simu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Aika alijaza ndoo mbili bombani na kumpelekea bibi yake jikoni. Tangu mama yake, Hedwiga, ajifungue mtoto wa kiume wiki tatu zilizopita, nyumba yao ya Sokon I, mtaa wa Arusha, ilikuwa ikinywa maji kama shamba la migomba. Bibi alitoka Machame kuja kumtunza mzazi. Kwa desturi yao, mzazi hatoki nje wala hashiki kazi. Kazi yake ni kula mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na kunyonyesha.

Baba, Philemoni, hakuwepo. Alifanya kazi kwenye shamba la maua Usa River, na huo ulikuwa msimu wa waridi, kwa hiyo alilala hukohuko. Ujumbe wa bili ya maji ulipoingia kwenye simu ya mama, baba alituma pesa, kisha akapiga.

"Aika, mwezi huu lipa wewe," alisema. "Siku hizi hatupangi foleni, ni kwenye mtandao tu. Fuata hatua nilizokuandikia. Mwisho ni Ijumaa. Ila sikiliza: likitokea jina usilolijua, kataa. Pesa ikishaenda haina kamba ya kuivutia."

"Baba, mimi niko darasa la sita! Hata nikifumba macho nitalipa."

Jioni hiyo Aika alikaa kizingitini na simu ya mama. Aliingiza namba ya malipo, akaikagua mara mbili, akaandika kiasi. Mara maneno yakatokea: *Unalipia bili ya YIAMAT LOSERIAN. Bonyeza 1 kuthibitisha, 2 kukataa.*

Yiamat ni nani? Nyumbani kwao hakuna mtu wa jina hilo! Alibonyeza 2 upesi, kama aliyeshika kaa la moto.

"Umeshalipa, mwanangu?" mama aliuliza kutoka chumbani.

Aika alikumbuka alivyojigamba. "Ndiyo, mama," alijibu.

Alijiambia kwamba kesho atamuuliza baba. Kesho ikazaa kesho nyingine. Ijumaa ikapita, na kila alipotaka kusema, ulimi ulikuwa mzito.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, bibi alipofungua bomba ili kusuuza nepi, lilikohoa mara moja likanyamaza. Nje ya lango, fundi wa maji aliyeitwa Lemburis alikuwa amepiga magoti mbele ya mita, spana mkononi.

"Baba, mbona unatukatia maji na humu ndani kuna kichanga?" bibi alimaka.

"Shikamoo, mama. Bili haijalipwa. Hata mimi sipendi, lakini nimetumwa."

Ndipo Aika alipoona jambo ambalo hakulitarajia. Mama alitoka nje! Alisimama langoni juani, kanga imefungwa kifuani. Majirani waliokuwa wakipita walisimama.

"Mnatuonea!" mama alisema kwa sauti kubwa. "Bili imelipwa. Binti yangu ndiye aliyelipa kwa mkono wake, na binti yangu hasemi uongo!"

"Sikatai, mama," fundi alisema taratibu. "Nionyeshe tu ujumbe wa risiti."

Mama alimpa Aika simu. "Mwonyeshe."

Aika aliitazama simu bila kuibonyeza. Aliwaona majirani, akamwona mama yake akiegemea nguzo ya lango.

"Sikulipa," alisema kwa sauti ndogo. "Lilitokea jina la Yiamat Loserian. Simjui. Nilikataa, halafu nikadanganya."

Bibi alijishika kichwa. "Yiamat ndiye nani tena?"

Fundi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Hamumjui? Si Baba Simaloi aliyewauzia nyumba hii! Mita bado ina jina lake."

Mwaka mzima walimwita mzee yule Baba Simaloi, kwa jina la binti yake, kama kila mtu mtaani. Ni baba peke yake aliyeliona jina lake halisi, kwenye karatasi za mauzo.

Aika alilipa palepale, na safari hii wote walisubiri mpaka ujumbe wa risiti ulipoingia. Ilibidi walipe pia ada ya kurudishiwa maji. Fundi aliahidi kurudi alasiri, naye akarudi. Mpaka wakati huo, Aika alibeba maji ya mtori na ya nepi kutoka kwa jirani, ndoo baada ya ndoo.

Baba alipigiwa simu, akaelezwa yote. "Kosa la jina ni langu," alisema. "Sikuwaambia, na Jumatatu nitaanza kushughulikia kulibadilisha. Kulikataa jina usilolijua ulifanya vyema, Aika. Lingine atakwambia mama yako."

Mama alikuwa amerudi kitandani, mtoto kifuani. Alimwita Aika aketi karibu.

"Jina geni halikutukatia maji," alisema. "Ungeniuliza siku ileile, tungempigia baba yako, tungecheka, tukalipa, yakaisha. Kutojua si aibu, mwanangu. Lakini mimi nilisimama mbele ya watu nikaapa kwa neno lako. Siku nyingine, kabla hujaniambia 'ndiyo', hakikisha naweza kusimama juu yake."

Machozi yalimdondoka Aika. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Sasa nenda ukamwombe radhi na yule fundi kabla hajaondoka. Nilimfokea bure, na mimi siruhusiwi kutoka."