Joto la Kisetilaiti

Haya yalimkuta rafiki yetu fundi redio, yule tunayemwita Bingwa kwa sababu mwenyewe alilazimisha. Dhoruba ya jua ilikuwa imeunguza kisetilaiti cha chama chao cha redio huko angani kilikokuwa kikiizunguka dunia, kiboksi kisichozidi mkate, na kwa wiki tatu hakikutoa hata mlio. Chama kikamtuma Bingwa akang'oe antena.

Mchana mmoja aliingia na mkewe katika chumba cha mitambo kisicho na dirisha. Umeme ulikuwa umekatika. Redio peke yake ilikuwa ikitumia betri. Kabla hajagusa waya, spika ikalia gizani: ti, ti, tii.

“Betri sifuri. Joto thelathini na saba,” mkewe akaisoma milio hiyo ya Morse iliyotoka kwenye kisetilaiti.

“Joto la mtu aliye hai!” Bingwa akabetua midomo. “Takataka imeungua hadi akili. Naizima kabisa.”

Akatuma amri ya kuzima. Milio ikaendelea, ila kwa kujikokota. Sasa ilisema thelathini na tano.

“Mume wangu, kinapoa.”

“Acha ushamba.”

Kisetilaiti kikazama upeoni. Kiliporudi baada ya saa moja na nusu, kilisema ishirini na nne, na joto lake halikushuka tena.

Mkewe akamulika kipimajoto cha ukutani. Chumba kile kilikuwa na joto la ishirini na nne. “Kimepoa kama maiti, mume wangu,” akasema, “tena humu humu chumbani.”