Nani Alikunywa Petroli ya Harlan?

Harlan Tveit aligundua uhalifu huo Ijumaa asubuhi, akiwa bado na nguo za kulalia, alipokwenda kuchukua soseji kwenye friza. Mguu wake wa kushoto ulikanyaga maji. Friza ilikuwa kimya, na nyama yote ya kulungu aliyemwinda kule Montana kwa ajili ya karamu ya Jumapili ilikuwa imeanza kulegea. Aligeukia gari lake la haibridi, la petroli na betri, ambalo ndilo lililoilisha friza umeme kwa waya uliopita dirisha la nyuma hadi kwenye soketi ya nje, kando ya friza. Nalo lilikuwa kimya. Alipotazama dashibodi, tangi lilikuwa tupu.

"Nilijaza wiki iliyopita," aliwaambia majirani waliokuja na vikombe vyao vya kahawa. "Injini inajiwasha yenyewe betri ikishuka, inajaza, inajizima. Friza peke yake ingefika wiki ijayo bila wasiwasi. Jamani, nimeibiwa."

Majirani walitazamana. Kambi yao ilikuwa nyumba chache za magurudumu zilizoegeshwa duara kwenye jangwa la Arizona, nyumba za wastaafu waliokimbia theluji. Katikati kulikuwa na moto na viti vya kukunja. Kila mtu alikuwa na kiti chake, na viti hivyo vililala nje wazi majira yote ya baridi. Kukunjiwa kiti kulikuwa na maana moja tu: washa gari, katafute jangwa lako.

Delbert Krohn, mzee mwenye sauti ya kuamsha mtaa, hakungoja. "Mwizi wa petroli ni mwenye mpira wa kunyonyea," alisema. "Na mpira ninaouona mimi uko kwa mgeni." Akaenda hadi kwenye kiti cha Lucinda Baca, akakikunja, akakiegemeza kwenye gurudumu la nyumba yake. "Mchana tukila, tupige kura."

Lucinda alikuwa mjane, na hii ilikuwa baridi yake ya kwanza barabarani bila mumewe. Alimfuata Opal Saari hadi mlangoni kwake, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba mama huyo aliwahi kuwa mpelelezi wa polisi kule Duluth.

"Ule mpira ni wa maji, Bi Opal."

"Nilistaafu, binti. Siku hizi napeleleza miwani yangu tu."

"Nikifukuzwa hapa sina pa kurudi. Nyumba ipo, lakini viti vyote vya kule ni vitupu."

Opal alikitazama kile kiti kilichokunjwa, kisha akavaa kofia. "Mpaka mchana, basi."

Alianza na mpira. Aliunusa, akaulamba ncha, Lucinda akakunja uso. Ulikuwa na ladha ya plastiki na maji ya bomba. Akaenda kwenye gari. Kifuniko cha tangi kilikuwa hakifunguki ila kwa kuvuta kijiti kilichokuwa ndani, chini ya kiti cha dereva, na milango ilikuwa imefungwa usiku kucha. Kifuniko hakikuwa na mkwaruzo wala harufu.

"Ulisikia chochote usiku, Harlan?"

"Mimi nikivua vifaa vya kusikia, Opal, hata dunia ikiisha mtaniambia asubuhi."

Jirani wa upande wa kulia alikuwa Royce Applegate, ambaye nyumba yake ilimetameta taa za rangi mithili ya uwanja wa maonyesho. Opal alimkuta akichoma mkate.

"Taa zote hizi zinakula wapi, Royce?"

"Juani." Akaelekeza kidole juu ya paa, kwenye paneli. Waya zote zilishukia kwenye betri zake, wala hakuna uliovuka uzio wake wa kamba. "Usinitazame hivyo, mama. Mimi ndiye ninayeteseka. Wiki nzima gari la Harlan linanguruma usiku, linanyamaza, linanguruma tena. Nimeweka mto juu ya kichwa mpaka shingo inauma."

"Wiki nzima? Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo kwa nadra sana. Nilikuwa silisikii hata."

Opal alimshukuru, akachukua kipande cha mkate bila kukaribishwa, akaondoka akitafuna. Upande wa kushoto wa gari mchanga ulikuwa laini mno. Mtu alikuwa ameufagia, njia nyembamba iliyoanzia kwenye soketi ya friza na kuishia kwenye ngazi za Delbert.

Delbert alikuwa akinyoa ndevu nje, mbele ya kioo kidogo. Kwenye mashavu yake kulikuwa na mistari miwili myekundu, kutoka puani hadi masikioni.

"Habari ya usingizi?"

"Nalala kama gogo. Sisikii kitu."

"Hata gari la Harlan? Royce anasema linanguruma."

"Kile kigari cha kuchezea kina sauti gani? Kinajiendea kwa betri tu, kimya kama paka. Umeme wa mwanamume ni huu hapa." Akaipiga kofi jenereta yake kuukuu. Opal aliinama kuisifu. Mdomo wa bomba la moshi ulikuwa umezibwa na utando wa buibui, mzuri, mzima, na mwenyewe amekaa katikati.

Mchana ulipofika walikusanyika kuuzunguka moto. Lucinda alisimama nyuma, mikono kifuani.

"Hakuna aliyenyonya petroli," alisema Opal. "Gari lenyewe lilikunywa. Kila betri iliposhuka, injini iliwaka. Lakini kwa wiki nzima iliwaka mara nyingi kuliko friza inavyohitaji. Maana yake kuna mdomo mwingine ulikuwa unakula kwenye waya uleule. Tumetafuta mwizi wa petroli, kumbe ni mwizi wa umeme."

"Royce na mataa yake," alisema Delbert upesi.

"Royce anakula juani. Delbert, jenereta yako mara ya mwisho iliwaka lini?"

"Jana jioni."

"Basi yule buibui ana haraka kuliko wote tuliopo hapa."

Royce alicheka, akajizuia. Harlan hakucheka.

"Na hiyo mistari mashavuni ni ya mikanda ya barakoa," Opal aliendelea, kwa sauti ya chini zaidi. "Marehemu mume wangu alikuwa nayo kila asubuhi. Unalala na mashine ya kupumulia. Unaiwasha kwa umeme upi?"

Delbert alivua kofia.

"Ilikufa wiki iliyopita, jenereta," alisema. "Binti yangu kaapa, siku akisikia sijiwezi, anauza nyumba hii na kunipeleka Ohio, nikae naye na paka zake sita. Nikachomeka waya wangu mkishalala, nikauondoa alfajiri na kufagia alama zake. Mashine, na hita kidogo."

"Hita," Harlan alirudia. "Delbert, bwana. Hita ndiyo iliyokunywa tangi zima."

"Sikujua inakunywa. Nilidhani ni betri tu, kama jua, haimpunguzii mtu. Na hita inanivumia sikioni, ningesikiaje?"

"Miaka mitatu unalitukana gari langu," Harlan alisema, "na hukuwahi hata kuniuliza linafanyaje kazi?"

Delbert akatikisa kichwa. Ndipo Harlan alipoanza kucheka, akacheka mpaka akashika magoti, na Royce naye akajiachia. Mtu akakumbuka kwamba nyama ikishayeyuka haingoji Jumapili. Wakatoa sufuria kubwa.

Hakuna aliyezungumzia tena kura. Lakini Lucinda alikuwa bado amesimama palepale, na Opal aliona aibu kwa niaba ya wote.

Delbert alipita katikati yao hadi kwenye gurudumu la nyumba ya Lucinda. Alikichukua kile kiti, akakirudisha mahali pake, akakifungua, akakipangusa vumbi kwa kofia yake.

"Nilikukunjia kiti bila ushahidi, nisije nikatazamwa mimi," alimwambia. "Hilo ni baya kuliko umeme. Nisamehe, mama."

Lucinda alikitazama kiti, kisha akamtazama yeye. "Kisogeze karibu na moto," alisema. "Na jioni lete waya wako mapema, kungali kweupe, tukuone. Ukichelewa nitapiga simu Ohio."

Jua lilipoanza kushuka, Delbert alivuka mchanga na waya wake begani, na duara zima likampigia makofi.